Kurudisha mikoko iliyokatwa: soma maji kwanza, mbegu baadaye

Msitu wa mikoko ukikatwa, mara nyingi hurudi wenyewe. Mbegu huangukia matopeni, nyingine huletwa na maji kutoka msitu wa jirani, na baada ya miaka michache pengo limejaa. Kwa hiyo ukikuta kiwanja kitupu katikati ya msitu, iwe Mkanda, Dodori au nyuma ya Pate huko Lamu, na wazee wakakwambia kimekaa hivyo tangu utoto wao, usikimbilie kuokota mbegu. Uliza kwanza ni kitu gani kinachouzuia msitu kurudi. Usipokijua, mbegu zako 10,000 zitakufa kwa sababu ile ile iliyoziua zile zilizoletwa na bahari bure.

Inauma kuona akina mama wamebeba magunia ya mbegu kutwa nzima, na mwaka unaofuata kilichobaki ni safu za vijiti vikavu. Makosa yale yale hurudiwa kila mara, na karibu yote yanaweza kuepukwa kwa siku tatu nne za kupima kabla ya kupanda.

Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Yaliyomo hapa yameandikwa kwa kuitazama Lamu, ila yanafaa pia Ngomeni na Mida, upande wa Malindi.

Ruhusa

Mikoko yote ya pwani ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932. Hata kama kiwanja kiko nyuma ya nyumba yako, kukata, kuchimba mfereji au kupanda kunahitaji kuzungumza na Shirika la Huduma za Misitu (KFS). Sheria ya misitu ya 2016 inaruhusu jamii kusimamia msitu kwa pamoja na shirika hilo kupitia chama cha jamii cha msitu, basi kama kijiji chenu kina chama, anzieni hapo. Ndani ya hifadhi ya bahari ya Kiunga wahusishwe pia watu wa Shirika la Huduma za Wanyamapori (KWS). Ombeni ruhusa kwa maandishi, mkitaja mahali, ukubwa na aina za miti.

Kwa nini msitu haukurudi

Nendeni maji yakipwa, mkiwa na kamba ya mita 10, vigingi vinne na daftari. Pimeni mraba wa mita 10 kwa 10 na muhesabu miche yote hai iliyojiotea humo, hata ile yenye majani mawili tu. Rudieni angalau mara tano katika sehemu tofauti za kiwanja, na msichague palipopendeza. Mkipata miche 25 au zaidi kwa kila mraba, nayo imetawanyika vizuri, hiyo ni sawa na miche 2,500 kwa hekta. Hapo msipande kitu. Kazi yenu ni kulinda mahali hapo na kujaza mapengo machache. Vikundi vingi haviipendi habari hii kwa sababu mfadhili anataka idadi ya miche iliyopandwa, lakini mche uliojiotea umeshachagua mahali pake na una mizizi. Kuukanyaga ili upande mwingine juu yake ni hasara.

Miche ikiwa michache au hakuna kabisa, tafuteni sababu. Huwa ni moja kati ya hizi nne, au mbili kwa pamoja.

Maji yamezibwa. Barabara imepita, ukuta wa bwawa la chumvi umejengwa, au mchanga umefunga mdomo wa kijito. Utalijua kwa kutazama ardhi: matope yamekauka na kupasuka vipande, juu yake kuna chumvi nyeupe, na matundu ya kaa hayapo. Maji ya bahari yana chumvi gramu 35 hivi kwa lita. Kwenye udongo uliozibiwa chumvi hupanda mara mbili na zaidi, na hapo hata mchu, aina ya mkoko iliyo mvumilivu kuliko zote, hudumaa.

Mbegu hazifiki. Miti mama imekatwa yote, au matawi yaliyoachwa na wakataji yamelala juu ya matope. Matawi haya watu huyadharau. Maji yakijaa huelea, yakipwa hushuka, na kila siku husaga miche iliyoanza kuota. Yatoeni kabla ya jambo lingine lolote. Yanafaa kwa kuni.

Ardhi imebadilika kimo. Mizizi ikioza, matope hushuka. Penye mkondo mkali husombwa kabisa. Au kinyume chake, udongo kutoka bara umemwagika ukapandisha ardhi na kuzika mizizi ya kupumulia. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliua mikoko mingi kwa njia hiyo katika mkono wa bahari wa Mwache, Mombasa.

Ya nne ni kwamba kiwanja bado kinatumika. Kinakatwa, kinalishwa mbuzi na punda, au mashua hukokotwa juu yake. Hili haliponi kwa mche, linahitaji mazungumzo, na tutarudi kwalo.

Kupima kimo cha ardhi kwa fimbo na maji yenyewe

Kama kuna sehemu moja ya mwongozo huu ya kusoma mara mbili, ni hii. Kila aina ya mkoko ina kimo chake. Ukiupanda chini mno, unazama muda mrefu kupita kiasi na kukosa pumzi. Ukiupanda juu mno, chumvi na jua vinaumaliza. Jicho hukudanganya kwa sababu tofauti ya sentimita 30 haionekani kwenye uwanja wa matope. Maji hayadanganyi, kwa kuwa yakisimama huwa sawasawa.

Tafuteni msitu mzima ulio hai karibu na kiwanja chenu, ndani ya mita 200 au 300, na pasiwe na ukuta wala mchanga unaotenganisha maji ya pande hizo mbili. Chukueni fimbo tatu zilizonyooka, kila moja mita 2, mziwekee alama kila sentimita 10 kwa rangi. Siku ya pili au ya tatu baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, wakati wa bamvua, yaani bahari inapojaa na kupwa sana, watu watatu wasimame mahali patatu: wa kwanza kwenye mkoko wa mwisho upande wa bahari (hapa mkoko ni ule mti wenyewe wa mizizi inayopinda kama miguu ya kaa), wa pili kwenye mkoko wa mwisho upande wa nchi kavu, wa tatu katikati ya kiwanja. Maji yakisimama kabla ya kuanza kupwa, na muda huo ni mfupi, wote wasome kina kwa dakika moja waliyoafikiana.

Mfano: kwenye mkoko wa nje fimbo inasoma 140, kwenye wa ndani inasoma 50, na kiwanjani inasoma 95. Kiwanja kiko kati ya vimo viwili ambavyo mkoko umeshavikubali, kwa hiyo mkoko utafaa. Kikisoma 170, kiko sentimita 30 chini ya mkoko wa mwisho kabisa, na hapo miche itazama. Kikisoma 20, ni mahali pa mkandaa au mchu wa ndani, miti tutakayoieleza mbele.

Kama maji ya kujaa yanaangukia usiku, au watu hawatoshi, sugueni chaki kavu ya rangi kwenye fimbo kutoka chini hadi juu, muichomeke maji yamepwa, mwende zenu. Bahari itaifuta chaki hadi pale ilipofika, na kesho mtasoma alama. Njia hii inafaa mahali palipotulia tu, maana wimbi huifuta chaki juu zaidi ya maji yenyewe. Penye ukuta au barabara katikati, maji ya pande mbili hayalingani na fimbo zitawapoteza. Hapo azimeni kwa fundi wa nyumba ule mpira mwembamba unaoonyesha maji, wa kupatia levo, muhamishe kimo kutoka msituni hadi kiwanjani hatua kwa hatua.

Tatizo likiwa ni maji kuzibwa, msipande mpaka yafunguliwe. Kwenye mabwawa yaliyoachwa, kama yale ya kufugia kamba kule Ngomeni, fungueni ukuta pale kijito cha zamani kilipopita. Kukata mahali popote panapowarahisishia hakufai. Alama za kijito cha zamani ni bonde jembamba linalopinda na matope laini kuliko ya kando. Anzeni na mfereji mwembamba, maji yenyewe yataupanua. Kisha ngojeni msimu mmoja mzima wa mbegu. Mara nyingi bahari huanza kupanda kabla yenu.

Nani anaishi kwa mahali hapo

Kiwanja kinachoonekana kitupu kwa mgeni kina wenyewe. Akina mama huokota kome na tondo hapo. Wavuvi huchimba chambo. Mashua hutiwa nanga, ndege wa ng'ambo hula kwenye tope la wazi, na nyasi za bahari zilizo mbele ya msitu ni malisho ya kasa na makazi ya samaki wachanga. Kuwafunika hawa wote kwa mikoko ni kuharibu uhai mmoja kwa jina la kuokoa mwingine. Basi sharti letu ni moja na hatulilegezi: usipande pale ambapo hapakuwahi kuwa na mikoko. Visiki na mizizi iliyooza chini ya tope ndiyo ushahidi. Chimba sentimita 30. Ukikosa nyuzi za mizizi ya kahawia, uliza wazee, na wakisema palikuwa wazi siku zote, paache wazi.

Itisheni kikao kabla ya kupanda na muwaite hasa wasiofika vikaoni: waokota kome, wachunga mbuzi, wakata boriti, wachoma chokaa. Achieni njia ya mashua, upana wa mita 3 hadi 5. Njia isiyoachwa itapitwa hata hivyo, juu ya miche.

Mti upi, mahali gani

Kutoka baharini kwenda bara, mpango wa kawaida wa pwani yetu ni huu. Mlilana husimama mbele kabisa, mguu majini, na mizizi yake ya kupumulia ni minene kama pembe. Nyuma yake mkoko wenyewe, ule wa mizizi inayopinda kama miguu ya kaa. Kisha muia, wenye mizizi iliyokunjika kama magoti, na mkandaa mwembamba unaoota kwa wingi kama kichaka. Mchu una makao mawili: huota mbele karibu na mlilana, na huota tena nyuma kabisa penye chumvi kali, na mizizi yake ni kama penseli zilizochomekwa ardhini. Mkomafi wenye tunda kubwa la mviringo huwa nyuma, mara nyingi penye maji baridi kidogo.

Vikundi vingi hupanda mkoko mtupu kwa sababu mbegu yake ni ndefu, inaonekana, na inachomekwa kirahisi kama mche wa muhogo. Matokeo yake ni shamba la mti mmoja: hakuna mchu wa nyuki, hakuna mlilana wa kuvunja wimbi na kutoa mataruma (mbavu) ya mashua. Wadudu wakiuingia mti mmoja, hawana pa kuzuiwa. Fuateni msitu wa jirani mliopimia. Kama kwenye kimo hicho una mikoko sita na muia minne katika kila kumi, nanyi pandeni hivyo.

Kuokota mbegu na kutunza kitalu

Mbegu ya mkoko iliyokomaa ina pete ya manjano pale inapokutana na tunda lake, na ukiizungusha kidogo inachomoka bila kuvutwa. Ikiwa pete ni ya kijani na mbegu inashikilia, bado. Usipige mti kwa upondo ili mbegu zimwagike, maana changa huanguka pamoja na zilizoiva. Mbegu nzuri ya mkoko ina sentimita 40 hadi 60, ni nzito, na ncha yake ya chini haijavunjika. Igeuzegeuze mkononi: ukiona tundu dogo kama la sindano lenye unga wa kahawia, mna mdudu ndani. Itupe mbali na kitalu.

Mkandaa una mbegu nyembamba yenye mistari, urefu wa kiganja na zaidi kidogo, nayo huokotwa kwa dalili ile ile ya pete. Muia huanguka na kofia yake nyekundu, usiing'oe kwa nguvu. Mchu ni tofauti: mbegu yake ni bapa, ndogo kama kokwa, na ina ngozi. Ilowekeni usiku mmoja hadi ngozi itoke yenyewe, muiweke juu ya udongo na kuibonyeza kidogo tu. Ikizikwa huoza, ikiachwa wazi kiwanjani maji huibeba, kwa hiyo mchu ni wa kitalu. Mlilana ndio mgumu. Lowekeni tunda wiki moja au zaidi mpaka lioze, lisafisheni muyatoe mamia ya mbegu ndogo, myasie kwenye trei ya matope, na mtegemee kupoteza nyingi. Njia ya pili ni kuhamisha miche iliyojazana chini ya mti mama, isiyozidi sentimita 20, pamoja na bonge la udongo wake.

Kitalu kiwe mahali palipotulia ambapo maji ya bamvua hufika na ya kila siku hayafiki. Siku za maji mafu, bahari isipopanda sana, nyunyizeni maji ya kisima, hata yakiwa ya chumvichumvi. Udongo uchukuliwe msituni humo humo, na vifuko viwe sentimita 10 kwa 15 au zaidi. Pakiti za maziwa zilizotobolewa chini zinafaa. Tuta liwe na upana wa mita 1 ili mkono ufike katikati kutoka pande zote. Juu wekeni makuti yanayopitisha nusu ya jua, na mwezi wa mwisho myatoe kidogo kidogo. Mche uliotoka kivulini moja kwa moja hadi kiwanja cha wazi huungua majani ndani ya siku chache. Mkoko na mchu hukaa kitaluni miezi 3 hadi 4, mkandaa na muia 4 hadi 6, mlilana miezi 6 au zaidi.

Hesabu: kwa nusu hekta, mkipanda kila mita 1.5, mnahitaji miche 2,222. Ongezeni moja ya tano kwa ajili ya kujaza mapengo, mtapata 2,700 hivi. Mita 1 kwa mita 1 ni ya sehemu zenye wimbi tu, na hapo hekta moja hula miche 10,000. Ndani ya msitu palipotulia, mita 2 zinatosha.

Siku ya kupanda

Msimu ni masika, kwa sababu mvua hupunguza chumvi ya udongo. Ila masika ndipo kusi, upepo wa kutoka kusini, nayo inapoingia, na upande unaoelekea bahari kuu hupigwa vikali. Viwanja vya upande huo viacheni mpaka kusi ipoe.

Siku yenyewe itategemea kimo. Sehemu za kati, pandeni maji mafu yanapoanza, mche upate siku kadhaa za mkondo dhaifu wa kujishikilia. Sehemu za juu zinazofikiwa na bamvua tu, pandeni siku za bamvua zenyewe udongo ukiwa umelowa. Kuzipanda katika maji mafu ni kuiacha miche ikauke wiki nzima.

Mbegu ya mkoko inachomekwa moja kwa moja. Ncha nzito iliyochongoka iende chini, kichwa chembamba chenye kichipukizi kibaki juu, na theluthi moja ya urefu iingie matopeni. Kuchomeka juu chini ni kosa la kawaida mno siku zenye watu wengi, na mbegu hiyo haifufuki. Mwekeni mtu mmoja kwa kila safu wa kukagua. Kama tope ni gumu, tangulizeni tundu kwa kijiti, kwa kuwa ncha ikisuguliwa hupoteza mizizi yake ya kwanza. Mche wa kitaluni utolewe kwenye kifuko bila kuvunja bonge la udongo, uingizwe kwenye shimo lenye kina sawa na kifuko, na kifuko kirudi nyumbani. Kikiachwa hunyonga mizizi na kuishia tumboni mwa kasa.

Safu zisizonyooka si kasoro. Penye tundu kubwa la kaa au dimbwi, ruka.

Yanayoua miche, na yanavyojitambulisha

Mche uliokatwa kiunoni kwa mkato safi ni kazi ya kaa. Wakati mwingine huuburuta hadi tunduni. Mbegu mbichi huwavutia zaidi, kwa hiyo ziwekeni kivulini wiki moja ndani ya gunia lenye unyevu kabla ya kuzipanda. Wakizidi, pandeni miche ya kitaluni yenye majani manne au sita. Msimwekee kaa sumu. Matundu yake ndiyo yanayopeleka hewa na maji mizizini, na msitu usio na kaa hudhoofu.

Shina lililofunikwa na vile visheli vyeupe vyenye makali, vinavyoshika chini ya mashua, linalemewa na kukosa pumzi. Vijana hupenda kuvikwangua, na gome hutoka navyo. Visheli vikiwa kwenye miche mingi, maana yake ni kwamba kiwanja kiko chini mno na maji hukaa juu yake muda mrefu. Rudini kwenye fimbo.

Majani yanayokuwa ya manjano na kuanguka yote kwa pamoja, huku shina likiwa zima, ni chumvi au kiu. Majani yaliyong'atwa ncha, hasa ya mchu, ni mbuzi na punda. Wanyama huupenda mchu kwa chumvi yake. Uzio wa miiba husaidia mwaka wa kwanza, lakini makubaliano na mchungaji yanadumu zaidi ya miiba. Miche iliyolala upande mmoja ni mkondo, na iliyozama katika mchanga mpya ni dalili kwamba ufuko unahama. Hapo acheni, msipande tena.

Boriti zitoke wapi

Mkilinda kiwanja hiki bila kujibu swali hili, shoka litahamia kiwanja cha jirani. Nyumba za mawe za Amu, yaani mji wa Lamu, zina vyumba vyembamba, chini ya mita 3, kwa sababu boriti ndiyo iliyopima upana wao. Mji mkongwe uliwekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia 2001, na hauwezi kukarabatiwa bila mikoko. Ukataji ulikuwapo kwa karne nyingi, na majahazi yalipeleka boriti Arabuni mpaka serikali ilipopiga marufuku kuziuza nje 1982. Februari 2018 ukataji uliposimamishwa katika misitu ya umma, familia za wakataji zilikosa riziki yao ghafla. Kumwambia mtu asikate bila kumpa pa kukata si uhifadhi.

Jambo la kwanza ni namna ya kukata penye ruhusa. Mchu ukikatwa huchipua tena kwenye kisiki. Mkoko, mkandaa na muia havichipui: kisiki chake kimekufa, na kitakachochukua nafasi ni mbegu tu. Kwa hiyo acheni mti mkubwa wa mbegu kila mita 15 hivi, na msikate ukanda wa mbele ya maji wala kingo za vijito. Kipimo cha muda kiko wazi pia. Mikoko iliyopandwa Gazi, Kwale, ilipofika miaka 12 ilikuwa na urefu wa wastani wa mita 8 hivi na unene wa sentimita 6 hivi. Huo ni unene wa pau, boriti bado. Kule Matang, Malaysia, wanaovuna mikoko kwa mpango tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, huusubiri msitu miaka 30. Anayewaahidi boriti baada ya miaka 10 hajapima.

Jambo la pili ni mvinje, mti wenye majani kama sindano. Wakulima wengi wa Malindi na Magarini wanaupanda, na miti ya miaka 4 hadi 6 tayari inafaa kwa kupaulia na kwa jukwaa la ujenzi. Ekari moja kwa nafasi ya mita 2 huchukua miche 1,000 hivi. Kitaluni changanyeni udongo kidogo uliochotwa chini ya mvinje mkubwa, kwa kuwa mizizi yake inahitaji vijidudu vinavyoipatia naitrojeni. Miaka miwili ya kwanza kunde na mahindi vinaweza kuota kati ya safu. Baada ya hapo kivuli na sindano zilizoanguka huvimaliza, na ekari hiyo imetoka kwenye chakula hadi mtavuna. Hilo lihesabiwe na familia kabla ya kupanda. Mkulima mwenye ekari mbili tu tungemshauri apande mipakani, safu mbili, shamba libaki shamba. Tena mvinje hauvumilii mchwa kama mkandaa. Utumieni juu ya nyumba, na nguzo za ardhini ziwe za mti mwingine.

Mvinje usipandwe kwenye msitu wa asili uliofyekwa kwa ajili yake, wala ndani ya kiwanja cha mikoko kilichokauka. Ukifanya hivyo umeondoa misitu miwili.

Wachoma chokaa wanahitaji kikao chao. Tanuu la matumbawe linameza kuni nyingi kwa mara moja, na mikoko hupendwa kwa moto wake mkali. Matawi yaliyotolewa kwenye viwanja vya ukataji yapelekwe huko kwanza, kabla ya mti wowote uliosimama kuguswa.

Daftari

Wekeni vigingi vya kudumu kwenye miraba mitano ya mita 10 kwa 10, na muihesabu baada ya mwezi 1, miezi 3, 6 na 12, kisha kila mwaka hadi wa tano. Andikeni hai, waliokufa, na sababu mliyoiona, kwa maneno yenu: kaa, mbuzi, mchanga, visheli. Ikifa zaidi ya nusu ndani ya miezi sita, msijaze mapengo. Simamisheni kazi, mpime kimo na maji upya, kwa kuwa mche wa pili utakufa kama wa kwanza. Ikifa chini ya moja ya tano, akiba ya kitaluni inatosha kujazia masika yanayofuata.

Safu ya mwisho ya daftari iwe ya miche ambayo hamkuipanda. Mwaka wa kwanza na wa pili itakuwa tupu, na iandikwe sifuri, isiachwe wazi. Mkikuta muia au mchu umejiotea kati ya safu zenu, uingizeni humo kwa jina lake, tarehe, na hatua ngapi kutoka kigingi cha karibu, muuache palepale hata kama umeziba nafasi ya mche wenu.